Hofu ya Kuazima: Maoni Kuhusu Ukuu wa Rolakosta ya Ndani

Utangulizi

Huenda mada hii ikawashangaza baadhi ya wasomaji wa jarida letu. Tumezoea kukutana humu na mijadala kuhusu usanifishaji, lahaja, uhakiki wa riwaya na ule ugomvi usiokwisha baina ya wanamapokeo na wanamabadiliko katika ushairi. Mimi leo naja na mashine ya mchezo. Tena naja nayo kutoka Garsen, katika Kaunti ya Tana River, ambako bembea ya utoto wangu ilikuwa kamba iliyofungwa kwenye tawi la mwembe kando ya mto. Namwomba msomaji avumilie hadi mwisho ndipo atoe hukumu.

Mashine ninayoikusudia ni lile gari lendalo juu ya reli katika viwanja vya burudani, ambalo hupandishwa polepole hadi kileleni kisha likaachiliwa liporomoke, lipinde na kuzunguka huku abiria wakipiga mayowe. Maadamu Kiswahili hakijaafikiana juu ya jina lake, nitaliita rolakosta. Aidha, sizungumzii kila rolakosta, bali ile iliyojengwa ndani ya jengo, chini ya paa. Swali langu ni hili: ni kitu gani kinachoifanya moja iwe kazi kubwa ya sanaa, na nyingine ibaki kuwa chuma kinachokimbia? Wengi watajibu kwamba ni kasi na urefu wa poromoko. Mimi nakataa. Naonelea kwamba ukuu wa rolakosta ya ndani umo katika jinsi inavyomwazima mtu hofu, ikaipanga hofu hiyo hatua kwa hatua, kisha ikaichukua tena kabla hajashuka. Mambo matatu ndiyo yanayoiwezesha kufanya hivyo: giza, taharuki na amana. Nitayaeleza moja baada ya jingine, na hilo la tatu ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Suala la jina

Kabla ya kuendelea, natuue mzigo wa istilahi. Wafaransa na Wahispania huuita mchezo huu "milima ya Kirusi", kwa kuwa asili yake inahusishwa na vilima vya barafu ambavyo Warusi walivijenga wakati wa baridi ili wateleze juu yake. Warusi nao huuita "vilima vya Kimarekani". Kila mmoja humsingizia mwenzake chanzo cha hofu hii.

Sisi tuna neno bembea. Kutokana na kitenzi hicho tunapata bembeza, na jirani yake wa karibu ni bembeleza. Isitoshe, wanafunzi wa fasihi simulizi wanajua fika kwamba bembea ni mojawapo ya majina ya wimbo wa kumtuliza mtoto, ambao pia huitwa bembelezi au pembejezi. Yaani lugha yetu imeuweka mahali pamoja mwendo unaotia kizunguzungu na sauti inayoleta usingizi. Sidai kwamba wahenga waliketi barazani wakaliamua jambo hili. Nasema tu kwamba mtoto wa kwanza kurushwa juu na kudakwa alirushwa na mikono ya mamaye, na lugha haikusahau.

Sisi wa Tana tuna sababu ya ziada ya kulijali neno hili. Lahani ya wimbo wa taifa la Kenya, unaoimbwa tangu uhuru mwaka 1963, ilitokana na wimbo wa Wapokomo wa kubembelezea mtoto. Taifa zima husimama wima kwa lahani iliyokusudiwa kumlaza mtoto. Nitaurejelea ubembelezaji huu baadaye, kwani ndimo ilimo hoja yangu.

Giza

Tuanze na takwimu, kwa sababu wapenzi wa kasi huzipenda. Mnamo Januari 1975, katika bustani ya burudani ya Disney huko Florida, Marekani, ilifunguliwa rolakosta ya ndani iitwayo Space Mountain. Kasi yake ya juu kabisa ni kama kilomita 45 kwa saa. Basi litokalo Garsen kwenda Malindi huipita kasi hiyo kabla kondakta hajaanza kudai nauli. Kwa upande mwingine, mwaka 2010 kilifunguliwa kiwanja cha Ferrari World huko Abu Dhabi pamoja na rolakosta yake iitwayo Formula Rossa. Hii hufikia kilomita 240 kwa saa, na wakati huo ilikuwa ya kasi kuliko zote duniani. Kituo chake kimo chini ya paa, lakini reli yake hutoka nje, na abiria huvishwa miwani ili upepo na mchanga visiwaumize macho.

Kama ukuu ungekuwa kasi, Space Mountain ingekwisha kusahauliwa kitambo. Kinyume chake, ndugu zake walijengwa California mwaka 1977, Tokyo mwaka 1983, Paris mwaka 1995 na Hong Kong mwaka 2005. Kitu kisicho na thamani hakijengwi tena mara nne katika mabara matatu.

Siri yake ni giza. Abiria haioni reli iliyo mbele yake, hivyo hajui kama gari litapinda kushoto, litapinda kulia au litazama. Mwili wake hauwezi kujiandaa. Jicho likinyimwa kazi, bongo huifanya kazi hiyo kwa kupita kiasi: poromoko la mita chache huwa shimo lisilo na mwisho, na upepo usoni huwa dhoruba. Kilomita 45 za gizani ni nyingi kuliko 100 za mchana.

Jambo hili nimelionja mwenyewe. Mwaka 2022 nilikuwa Dubai nikifanya kazi ya ulinzi, kama wafanyavyo vijana wengi wa Pwani yetu, huku nikidunduliza karo ya shahada hii ya uzamili. Siku moja ya mapumziko, mimi na wenzangu wawili tulijinyima tukaingia IMG Worlds of Adventure, kiwanja kikubwa cha ndani kilichofunguliwa mwaka 2016. Humo tulipanda rolakosta iitwayo Velociraptor. Gari lake huanzia ndani, katika ulimwengu wa dinosaria wa bandia, kisha hufyatuliwa ghafla hadi kilomita 100 kwa saa na kutokea nje kwenye jua la jangwa. Wenzangu waliisifu sehemu ya nje. Mimi nilibaki na ile ya ndani. Kule ndani sikujua kama mbele yangu palikuwa na ukuta, shimo au mnyama, na moyo ulikuwa umenipanda kooni hata kabla mwendo haujachanganya. Tulipotoka nje niliiona reli yote, kona zake na mwisho wake. Nilipata upepo mwingi, lakini hadithi ilikuwa imekwisha.

Katika jamii nyingi za Kiafrika ngano zilikatazwa kusimuliwa mchana. Vitabu vyetu vya kiada hutueleza kwamba sababu ilikuwa kuwazuia watu wasiache kazi. Sipingi, lakini naongeza sababu ya kisanaa. Zimwi la mchana ni uongo mtupu, kwa maana kila msikilizaji ataangalia nyuma ya nyumba na asilione. Zimwi la usiku liko papo hapo, hatua tatu kutoka kwenye moto. Nyanya yangu alilijua hilo. Alipofikia mahali pa kutisha hakupaza sauti. Aliusogeza ukuni mmoja kando ili moto upungue.

Paa kama arudhi

Hapa atatokea mpinzani aniambie kwamba jengo humfunga mbunifu. Paa halimruhusu kwenda juu atakavyo, na kuta hazimruhusu kwenda mbali. Ni kweli. Lakini msomaji wa ushairi wa Kiswahili anapaswa kuwa mtu wa mwisho kuishangaa hoja hiyo. Mshairi wa tarbia hana zaidi ya mishororo minne katika ubeti, mizani kumi na sita katika mshororo, na vina viwili vya kutimiza. Je, kifungo hicho kimewanyamazisha washairi wa Mombasa na Lamu? Kimewafanya watafute neno ambalo mtu huru asingehangaika kulitafuta.

Ndivyo ilivyo kwa mbunifu aliye chini ya paa. Kwa kuwa hawezi kwenda juu, huikunja reli iwe na kona za karibu karibu. Kwa kuwa hawezi kwenda mbali, huipitisha reli karibu na nguzo na boriti, mpaka abiria huinamisha kichwa bila ya kuambiwa. Kwa kuwa ameufungia mwanga nje, huamua yeye mwenyewe ni taa ipi iwake, wapi na kwa muda gani. Aliye nje hana uwezo huo, kwani jua ni la Mungu na humulika kila kitu sawasawa. Sisemi kwamba rolakosta ya nje haina uzuri, kama nisivyosema kwamba shairi huru si shairi. Nasema kwamba ile ya ndani ikiwa mbaya haina kisingizio, na ikiwa nzuri uzuri wake umepatikana kwa jasho.

Taharuki

Giza peke yake halitoshi. Chumba chenye giza ni chumba tu. Panahitajika mpangilio, na hapa rolakosta inakaribiana sana na masimulizi.

Kwanza pana kupanda. Katika rolakosta za jadi mnyororo hulishika gari na kulivuta taratibu, huku ukitoa mlio wa vyuma unaojirudia. Hakuna linalotokea wakati huo, ila kila mtu anajua kwamba kuna litakalotokea. Hiyo ndiyo taharuki tunayoifundisha darasani kwa maneno mengi, na mnyororo huifundisha kwa nusu dakika. Baada ya kilele, mashine haisukumwi tena. Gari huenda kwa uzito wake wenyewe, likivutwa na ardhi kama maji ya Tana yanavyovutwa kutoka milimani hadi baharini Kipini. Vivyo hivyo, msimulizi hodari hufanya kazi kubwa mwanzoni, kisha hadithi ikajiendea yenyewe.

Pili pana kupumua. Rolakosta inayoporomoka mfululizo ni sawa na mtambaji anayepiga kelele katika kila sentensi. Baada ya muda msikilizaji huzoea, na mtu aliyezoea haogopi tena. Rolakosta kuu hukupumzisha mahali fulani, ukadhani imekwisha, ukalegeza mikono, ndipo ikakuzamisha kwa mara ya mwisho.

Tatu pana kurejea. Safari huishia pale pale ilipoanzia, kwenye taa na sauti za watu. Muhammed Said Abdulla alilifahamu hili katika Mzimu wa Watu wa Kale, riwaya iliyochapishwa mwaka 1960. Anatupeleka kwenye mzimu na maiti, kisha kwa mkono wa Bwana Msa anaturejesha kwenye mwanga wa akili. Msomaji asiyerejeshwa hakusimuliwa hadithi, ametupwa.

Amana

Sasa nimefika ninapopakusudia. Mtu anaweza kuwa na giza na taharuki kwa ukamilifu wake, na asipate furaha hata chembe.

Nilikuwa na umri wa miaka 15 wakati wa mapigano ya mwaka 2012 na 2013 katika Delta ya Tana, yaliyowaua zaidi ya watu 100. Usiku nyumbani tulizima taa tukakaa kimya, tukisikiliza kila mbwa aliyebweka. Giza lile lilikuwa kamili kuliko la Florida. Taharuki yake ilikuwa kali kuliko ya riwaya yoyote niliyosoma baadaye. Hakuna aliyelifurahia hata dakika moja, na nina jamaa ambao mpaka leo hawalali taa ikizimwa. Kilichokosekana ni nini? Ilikosekana amana. Hapakuwa na mtu aliyetuahidi kwamba tungefikishwa asubuhi.

Rolakosta ina ahadi hiyo, na ahadi yenyewe imeundwa kwa chuma. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Magurudumu ya gari hayakai juu ya reli tu. Mengine hushika ubavuni na mengine chini yake, ili gari lisiweze kuruka. Mmarekani John Miller alipata hataza ya magurudumu hayo ya chini mwaka 1919, na tangu hapo wabunifu wakaweza kuthubutu mambo ambayo zamani yangewaua watu. Reli nayo hugawanywa katika vipande, na gari haliruhusiwi kuingia kipande kinachofuata mpaka lililotangulia liwe limetoka. Hitilafu ikitokea, breki hujifunga zenyewe. Giza ambalo abiria anadhani halina mwisho limepimwa kwa rula na watu waliokesha wakiliwazia shingo na uti wa mgongo wake. Hofu ni yake kweli, lakini ni ya kuazima. Mwenyewe yupo, na ataichukua.

Nililielewa hili vizuri zaidi mwezi wa Novemba 2023, nilipokuwa nikitoka Lamu kurudi nyumbani. Mvua za El Niño zilikuwa zimeufurisha mto, na maji yalikuwa yameifunika barabara kati ya Lango la Simba na Gamba. Tulishushwa kwenye basi tukapakiwa katika mashua, watu na mizigo, kupita kiasi. Jaketi za kuokolea maisha hazikuwapo. Mashua ilipofika penye mkondo ilianza kuyumba, ikiinuka na kushuka. Watu wazima tulinyamaza. Mzee mmoja alikuwa akisoma dua kwa sauti ya chini. Karibu yangu alikaa mama mmoja aliyempakata mtoto wa miezi michache, akimwimbia wimbo wa kubembeleza, na sauti yake ilikuwa ikitetemeka. Kila mashua ilipoinuka, yule mtoto alicheka.

Nimeufikiria mno ule mcheko. Mashua ilikuwa moja, maji yalikuwa yale yale, na mwendo ulikuwa mmoja kwetu sote. Kwa mtoto ilikuwa bembea. Kwetu ilikuwa kifo kinachokaribia. Tofauti haikuwa katika kasi wala katika kimo cha mawimbi, bali katika mikono iliyomshika. Yeye alikuwa na amana. Sisi tulikuwa tumeliona idadi ya watu na kina cha mashua, tukajua kwamba hapakuwa na fundi aliyetuwazia. Miezi mitano baadaye, tarehe 28 Aprili 2024, mashua iliyojaa abiria ilizama katika sehemu ya juu zaidi ya mto huo huo, huko Kona Punda karibu na Garissa, na watu wakapoteza maisha. Hao nao walikuwa wakivuka barabara iliyofunikwa na mafuriko.

Pingamizi na tamati

Najua nitaambiwa kwamba haya ni mambo ya anasa. Mtoto wa Garsen anahitaji darasa, zahanati na daraja, si gari la kuchezea chini ya paa lenye kiyoyozi. Nakubaliana na nusu ya hoja hiyo. Simwombi mtu yeyote ajenge rolakosta kando ya Tana. Lakini nusu ya pili ya hoja hiyo inanikera, kwa maana inachukulia kwamba mchezo ni kitu cha waliokwisha kushiba. Mtoto anayefahamu hofu ya kweli ndiye anayehitaji zaidi hofu ya kuazima, ili ajifunze kwamba hofu inaweza kuwa na mwisho. Ndiyo maana tulifunga kamba kwenye mwembe, na tawi lile kubwa wote tulikuwa tumelijaribu kwa uzito wa aliye mzito kuliko sote kabla ya kumruhusu aliye mdogo apande. Hatukuwa na hataza, lakini fikra ilikuwa ile ile.

Kwa wanafunzi wenzangu wa Kiswahili nina maombi mawili. La kwanza, tulitafutie jambo hili jina. Mimi napendekeza bembeareli, na yule aliye na bora zaidi alilete tulijadili. La pili, tupanue uwanja wa uhakiki wetu. Tukiweza kuchambua taharuki katika riwaya, tunaweza kuichambua katika bembea za Idi zinazosukumwa kwa mikono katika viwanja vya Makadara, Mombasa, na katika mashine za Dubai wanakofanyia kazi ndugu zetu.

Kwa wale wanaoandika hadithi za kutisha, hasa sasa ambapo hadithi hizo zimekuwa nyingi, nina neno moja. Kumtisha msomaji ni rahisi. Mto umeweza bila ya shahada. Kazi ngumu ni kumtisha huku umemshika. Mtunzi atakayemwingiza msomaji gizani na aweze kumtoa, huyo atakuwa amejifunza kwa yule mama wa mashuani, aliyeimba huku mwenyewe akiogopa, mtoto wake asijue.